Bibi Salme na huzuni isiyokaliwa matanga



Mtu akifiwa, sote tunajua la kufanya. Mikeka inatandikwa, majirani wanaleta mchele na sukari, na mfiwa haulizwi kwa nini analia. Lakini ipo misiba isiyotandikiwa mkeka. Ndugu mliyenyonya ziwa moja hamsemeshani mwaka wa kumi sasa. Umeolewa mbali na kwenu hakuendeki tena. Umebadili imani, na jamaa wamefunga mlango. Moyo umefiwa, na kesho asubuhi unatakiwa kazini kama kawaida. Wanasaikolojia huyaita hayo majonzi yasiyotambuliwa na jamii. Leo nataka tumtazame mwanamke wa hapa Unguja aliyeishi nayo kwa zaidi ya miaka 57.

Ukitoka Mji Mkongwe kuelekea Bububu, upande wa bahari yapo magofu ya kasri la Mtoni. Hapo ndipo alipozaliwa Seyyida Salme, tarehe 30 Agosti 1844. Baba yake alikuwa Sultani Seyyid Said. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkasi aliyenunuliwa angali mtoto. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika. Salme alichukua mfupa wa bega la ngamia, akawa ananakili juu yake herufi za msahafu kwa siri mpaka mkono ukazoea. Ushike mfupa huo, msomaji, tutauhitaji.

Baba alifariki mwaka 1856. Mwaka 1859 kipindupindu kikamchukua mama. Mwaka huohuo kaka zake wawili, Majid aliyekuwa Sultani na Barghash aliyekitaka kiti, wakagombana, na Salme akaingia upande wa Barghash. Alikuwa na miaka 15 tu, lakini ndiye aliyejua kuandika, basi akawa mwandishi wa barua za njama. Njama ikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Baadaye Salme akapatana na Majid, na kwa kufanya hivyo akamkosa Barghash. Familia nyingi zinaijua hali hiyo: huwezi kumkumbatia ndugu mmoja bila mwingine kukuhesabu msaliti.

Kisha akampenda jirani yake wa Mji Mkongwe, mfanyabiashara Mjerumani aliyeitwa Heinrich Ruete, akapata mimba yake. Kwa binti wa Sultani, Mwislamu, jambo hilo lilikuwa la hatari ya kifo. Agosti 1866 aliondoka usiku kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume mwezi Desemba, na huko ndiko Ruete alikomfuata. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyohiyo akafungishwa ndoa, kisha wakaanza safari ya Ulaya. Mtoto yule hakufikisha hata mwaka mmoja.

Hapa naomba tutulie kidogo. Ubatizo na ndoa siku moja, kisha meli. Siandiki ili kushangilia mtu kuhama dini. Katika kisiwa hiki tunaishi ukuta kwa ukuta na tunajua uzito wa jambo hilo. Nauliza kama Mkristo: nani alikaa naye? Nani alimfundisha kuomba kwa maneno anayoyaelewa? Alipofika Hamburg hakujua Kijerumani, na watu walimkodolea macho kama kitu cha maonyesho. Baadaye aliandika waziwazi kwamba aliondoka kwao akiwa Mwislamu mwema, na kwamba Ukristo wake anaouona sasa si wa kujivunia. Viongozi wetu wa makanisa wangefaa kulitafakari hilo. Tulimpa jina jipya, tukamwacha peke yake nalo.

Alizaa watoto watatu Hamburg: Antonie, Rudolph na Rosalie. Agosti 1870 mumewe aliumia katika ajali ya tramu ya farasi, akafa. Salme alikuwa na umri wa karibu miaka 26. Mtoto mkubwa hajatimiza mitatu, mdogo bado mchanga. Miezi michache baadaye, huku Unguja, Majid naye akafariki, na kiti kikaenda kwa Barghash.

Msomaji anayemjua Naomi wa kitabu cha Ruthu ataona mfanano. Mjane ugenini, amezika huko aliowapenda. Tofauti ni kwamba Naomi alirudi Bethlehemu, wanawake wa mji wakamtokea, na akaweza kuwaambia kwa mdomo wake kwamba asiitwe tena kwa jina lake zuri kwa sababu maisha yamemwia machungu. Hakuna aliyemkemea. Salme hakuwa na mji wa kumpokea hivyo.

Alihama mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akifundisha Kiarabu ili watoto wale. Mwaka 1875 Barghash alizuru London. Salme akasafiri kwenda kumwona kaka yake, na wakubwa wa Uingereza wakamzuia kwa sababu zao za siasa. Na hapo ndipo ule mfupa wa ngamia unaporudi. Katika miaka hiyo, amechoka mwili na roho kiasi cha kutotumaini kuishi mpaka wanawe wakue, alianza kuwaandikia mama yao alikotoka: Mtoni, mashamba ya karafuu, sikukuu, ugomvi wa kaka zake. Maandishi hayo yalichapishwa mwaka 1886, na ndiyo kumbukumbu zake zinazosomwa mpaka leo. Aliandika pia mkusanyo wa barua kwa rafiki wa Unguja ambaye hakumtaja jina, akieleza yote yaliyompata Ulaya. Barua hizo hazikuchapishwa katika uhai wake.

Miaka 100 kamili baada ya kitabu kile, mwaka 1986, mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker alitoa utafiti wake juu ya wanafunzi walioandika kwa dakika 15, siku nne mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza zaidi maishani. Mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Lakini katika miezi iliyofuata, walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda kwa daktari mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Kwa hiyo ukijaribu, usishtuke machozi yakija siku ya kwanza. Daftari la shule linatosha, na si lazima mtu alione. Kama huzuni inakunyima usingizi na chakula wiki baada ya wiki, hapo daftari halitoshi. Mwendee daktari au mshauri.

Sitaki umdhanie Salme malaika. Katika kitabu hichohicho aliutetea utumwa wa kwao, yeye ambaye mama yake alinunuliwa. Sisi tunaopita Mkunazini, ambapo kanisa kuu la Anglikana lilijengwa juu ya soko la watumwa, hatuwezi kulisoma hilo bila kukunja uso. Mtu anaweza kuumia sana na bado asione maumivu aliyoyakalia.

Agosti 1885 alirudi. Bismarck alimleta na wanawe pamoja na manowari za Ujerumani, akimtumia kama karata ya kumbana Barghash. Aliitazama nyumba ya kwao kutoka melini. Alipoteremka, kwa simulizi yake, watu wa mji walimsalimu mitaani na kumzunguka kwa furaha. Kaka yake hakumpokea. Barghash alikufa Machi 1888 bila ya kusemeshana naye. Mwaka huohuo Salme alikuja tena, akaambulia patupu kwa Sultani mpya, Khalifa. Hakurudi Ujerumani kuishi. Alikaa Jaffa na Beirut mpaka mwaka 1914, pwani ambako alisikia Kiarabu dirishani.

Makumbusho ya Kasri hapa Forodhani yalimtengea chumba chake. Ukiiona picha yake, umtazame macho kabla ya kuyatazama mavazi.

Alifariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79, na akazikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, kando ya mumewe. Katika vitu vyake kulikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja. Kilitiwa kaburini pamoja naye.