Muyaka bin Haji na Mji wa Mvita

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, anayekadiriwa kuzaliwa mwaka 1776, aliishi Mombasa wakati mji huo ulipokuwa ukigombaniwa. Kisiwa hicho kina bandari mbili za asili, na mlango wa ile ya mashariki ulilindwa na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Aliyeishika ngome alishika ushuru.

Wamazrui, waliowekwa kutawala kwa niaba ya Oman, walikataa kuwatii Mabusaidi waliotwaa madaraka huko. Muyaka alikuwa mtu wao wa karibu, na tungo zake za siasa ziliwapigania. Hata hivyo, katika Vita vya Shela, mnamo 1812, Mombasa na Pate zilishindwa, na Lamu ikaomba ulinzi wa Seyyid Said. Muyaka akalumbana kwa mashairi na washairi wa Lamu, mathalani Zahidi Mgumi. Malumbano hayo hayakuwa mchezo wa maneno tu; yalikuwa sehemu ya vita vyenyewe.

Baadaye Mombasa ilipoteza Pemba, iliyoilisha kwa nafaka. Mwaka 1824 Wamazrui walijitia chini ya bendera ya Uingereza kwa mkono wa Kapteni Owen. Himaya hiyo ikaondolewa mwaka 1826. Said alirudi na merikebu zake mara kadhaa, asiweze kuushika mji kwa kudumu. Kilichouangusha mwaka 1837 ni mfarakano wa ndani: Salim bin Ahmed alikuwa amefariki mwaka 1835, jamaa zake wakagombania urithi, na baadhi ya Thenashara Taifa wakaelekea kwa Said. Wakuu wa Kimazrui walikamatwa, wakapelekwa Bandar Abbas. Muyaka alifariki mnamo 1840, mji wake ukiwa mikononi mwa adui aliyempinga kwa miaka mingi.

Hichens aliichapisha diwani yake mwaka 1940. Muyaka amesifiwa kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni. Sifa hiyo imezidishwa. Yamkini shairi la sokoni lilikuwapo kabla yake, ila halikuandikwa. La Muyaka liliokolewa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyelikusanya kwa ajili ya Taylor. Kwa mwanaisimu, kazi hiyo ina uzito wa pekee: Kimvita hutofautisha t ya meno na t ya ufizi, tofauti ambayo hati ya Kiarabu iliyozoeleka haikuionyesha, na ambayo Sikujua aliijua kwa sikio la mzawa.