Waldemar Haffkine: Aliyejidunga kipindupindu, akawachanja vibarua wa mashamba ya chai

Julai 18, 1892, jijini Paris, kijana wa miaka 32 alijidunga sindano yenye vijidudu hai vya kipindupindu. Homa ikampanda, lakini hakufa. Hapo akajua chanjo yake inaweza kujaribiwa kwa watu.

Huyo ni Waldemar Haffkine, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1860 Odesa, mji ambao leo uko Ukraine lakini enzi hizo ulikuwa chini ya Urusi. Wala hakuwa daktari. Alisomea elimu ya wanyama, kisha akapata kazi kwenye taasisi ya Louis Pasteur.

Ulaya wengi hawakumwamini. Mwaka 1893 akafunga safari hadi India, iliyotawaliwa na Waingereza na ambako kipindupindu kilikuwa kinaua kila mwaka.

Kwenye mtaa mmoja duni wa Calcutta alichanja watu 116 kati ya 200 hivi. Ugonjwa uliporudi, walioumwa wote walikuwa ambao hawakuchanjwa. Habari zikaenea.

Wenye mashamba ya chai ya Assam wakamwita. Vibarua wa huko hawakuwa wenyeji. Walitolewa mbali, sehemu kama Bihar na Chota Nagpur, wakasafirishwa kwa treni na meli za mtoni, wamebanana na maji ni machafu. Walifungwa na mikataba, kama manamba wa mashamba ya mkonge Tanganyika miaka ya baadaye. Wengi walikufa njiani kabla hata ya kuchuma jani moja. Waliofika walilala kwenye safu za vibanda, na mmoja akiugua, kambi nzima iko hatarini.

Kwa mwenye shamba, kibarua akifa ni hasara. Kwa Haffkine, kambi hizo zilikuwa mahali pa kupima ukweli: wanaokula chakula kimoja na kunywa maji yale yale, baadhi wamechanjwa, wengine bado. Kisha unahesabu wagonjwa kila upande.

Hadi mwaka 1895 alikuwa amechanja zaidi ya watu 40,000 nchini India. Malaria ikamwangusha, akalazimika kurudi Ulaya kujiuguza.

Mwaka 1896 akarejea, na tauni nayo ikalipuka Bombay, leo Mumbai. Alijifungia maabara, na Januari 10, 1897 akajidunga tena, safari hii chanjo ya tauni. Maelfu kwa maelfu wakachanjwa.

Kisha likaja balaa. Oktoba 1902, katika kijiji cha Mulkowal, Punjab, watu 107 walichanjwa. 19 kati yao, wote waliodungwa dawa ya chupa moja, walikufa kwa pepopunda. Lawama zote zikamwangukia Haffkine. Akasimamishwa kazi na jina lake likachafuka.

Ushahidi ulionyesha kitu kingine: kijijini hapo, msaidizi aliyekuwa anafungua chupa aliangusha koleo chini, hakulisafisha ipasavyo, akaendelea kulitumia. Wanasayansi, akiwemo Ronald Ross aliyegundua kuwa mbu hueneza malaria, walipaza sauti kumtetea. Mwaka 1907 akasafishwa na kurudi India, ila hakupewa tena nafasi kama ile ya kwanza. Familia za wale 19 zilibaki na makaburi.

Haffkine alifariki Oktoba 1930 huko Lausanne, Uswisi. Hakuwahi kuoa. Maabara aliyoianzisha Bombay inaitwa Taasisi ya Haffkine tangu 1925 na ipo mpaka leo.

Chanjo za kipindupindu za sasa ni bora na hunywewa tu. Lakini vibarua wanaohama kufuata mavuno bado wanaugua pale kambi inapokosa maji safi na vyoo. Sindano ya Haffkine iliokoa wengi Assam. Kisima na choo ilikuwa kazi ya mwenye shamba.