Archibald McIndoe: daktari aliyejua kuwa kidonda kufunga si kupona

Wiki hii kwenye kipindi chetu tulizungumza juu ya watu waliopata ajali au kuungua moto, vidonda vikafunga, lakini maisha hayakurudi kama zamani. Simu nyingi zilitoka Moshono na vijiji vya jirani. Mama mmoja alitueleza juu ya kijana wake aliyeanguka na bodaboda. Mguu umepona, ila hataki tena kwenda kijiweni kwa wenzake. Mwingine alituambia kuna binti kwao aliyeungua jikoni, na wageni wakifika anapelekwa chumba cha nyuma.

Tuliahidi hewani kuandika habari za daktari aliyeshughulika na jambo hili miaka zaidi ya 80 iliyopita. Aliishi sehemu kubwa ya maisha yake mbali na hapa, lakini alikuwa na shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mlima tunaouona sisi watu wa Arusha asubuhi anga ikiwa safi.

Alikuwa nani?

Archibald McIndoe alizaliwa tarehe 4 Mei 1900 katika mji wa Dunedin, New Zealand. Baba yake alikuwa mpiga chapa na mama yake mchoraji. Alisomea udaktari huko huko kwao, kisha akaenda Marekani kujifunza upasuaji katika hospitali ya Mayo.

Mwaka 1930 alihamia London akitarajia kazi, lakini kazi hakuipata. Aliyemwokoa ni ndugu yake, Harold Gillies, daktari aliyetengeneza nyuso za askari walioumia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Gillies alimwingiza katika upasuaji wa kurekebisha maumbile. Mwaka 1938 McIndoe akawa mshauri wa Jeshi la Anga la Uingereza, na vita vilipoanza mwaka 1939 alipelekwa hospitali ya Queen Victoria katika mji mdogo wa East Grinstead, kusini mwa Uingereza.

Marubani walioungua

Mwaka 1940 ndege za Uingereza na Ujerumani zilipigana angani kwa miezi. Ndege nyingine zilikuwa na tangi la mafuta mbele ya rubani. Likipigwa risasi, moto uliingia moja kwa moja alipokaa. Sekunde chache tu zilitosha kuunguza uso na mikono. Wengi wao walikuwa vijana wa miaka 20 na kidogo.

Wakati huo majeraha ya moto yalipakwa dawa yenye tanini, kitu kile kile kinachotumika kusindika ngozi za wanyama. Dawa hiyo ilikauka na kuwa gamba gumu. Kidonda kilionekana kimefunikwa vizuri, lakini chini ya gamba vidole vilijikunja na kope zilivutika hadi jicho likashindwa kufumba.

McIndoe aligundua kwamba marubani walioangukia baharini vidonda vyao vilikuwa na hali nzuri zaidi. Akaiacha tanini, akaanza kuwaogesha wagonjwa katika maji ya chumvi yaliyoandaliwa hospitalini. Pia alipigania hadi matumizi ya tanini kwa majeraha ya aina hiyo yakakomeshwa.

(Msikilizaji, hii isikufanye umpake aliyeungua chumvi nyumbani. Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20 hivi, kisha mpeleke kwenye kituo cha afya.)

Kupima mkono, kupima moyo

Kwa madaktari wengi wa siku zile, kidonda kikifunga kazi imekwisha. McIndoe alianza kuhesabu kutoka hapo. Alitazama mtu anaweza kufanya nini. Kope zilitengenezwa mapema, kwa sababu jicho lisilofumba huharibika. Mikono ilihitaji kurudi kushika. Baada ya hapo ndipo midomo na pua. Wako waliofanyiwa upasuaji mara kumi, ishirini na zaidi, kwa miaka.

Lakini aliona pia kwamba mtu aliyekata tamaa hawezi kuvumilia miaka hiyo. Kwa hiyo hali ya moyo aliipima kama alivyopima ngozi. Aliwaeleza wagonjwa ukweli kuhusu safari iliyo mbele yao. Aliyetaka kuona upasuaji wa mwenzake unavyofanywa aliruhusiwa kuingia akatazame. Walivaa sare zao za jeshi badala ya nguo za wagonjwa, ili wajione bado ni askari. Wodini kulikuwa na pipa la bia, na vyeo havikuhesabiwa.

Alitazama mfuko pia. Kulikuwa na kanuni kwamba mwanajeshi aliyeshindwa kurudi kazini ndani ya siku 90 aondolewe jeshini. McIndoe aliipinga, kwa sababu mtu aliye katikati ya matibabu hawezi kuachwa bila mshahara.

Hakuwa malaika. Waliofanya naye kazi walimjua kwa ukali na kwa kutaka mambo yaende anavyotaka yeye.

Mji uliojifunza kutazama

McIndoe alijua kwamba rubani akitoka wodini akakuta watu wanakimbia au wanageuza uso, kazi yote itaharibika. Akazungumza na wenyeji wa East Grinstead. Aliwaomba wawakaribishe vijana hao majumbani, wawatazame usoni na kuongea nao kama watu wengine. Wenyeji wakakubali. Marubani wenye nyuso nusu zimeshonwa walikaa dukani, baa na sinema bila kufichwa.

Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe waliunda chama, wakakiita kwa jina la simbilisi, mnyama mdogo anayetumiwa katika majaribio ya kitabibu. Walijitania kwa makusudi. Mweka hazina alichaguliwa mtu aliyeungua miguu, asiweze kukimbia na pesa. Katibu alikuwa na vidole vilivyoungua, ili asiandike mihutasari mirefu. Mwisho wa vita chama kilikuwa na wanachama 649.

Shamba la Kilimanjaro

Baada ya vita McIndoe alipewa cheo cha heshima na mfalme wa Uingereza, na pia akapata shamba Kilimanjaro. Ilikuwa Tanganyika ya mkoloni, wakati wageni walimiliki ardhi nyingi nzuri ya eneo hilo. Ni hapo, katika miaka ya 1950, alipokaa na wanafunzi wake wawili wa zamani, Michael Wood na Thomas Rees, wakawaza jinsi ya kuwafikia wagonjwa wa vijijini kwa ndege. Mwaka 1957 mpango huo ukawa shirika la AMREF, lenye makao yake Nairobi, lililojulikana kwa madaktari wake wanaoruka.

McIndoe alifariki usingizini London tarehe 11 Aprili 1960, akiwa na miaka 59.

Sisi leo

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwongozo wa kupima ulemavu. Unataka kuangalia mwili, shughuli anazoweza mtu, nafasi yake katika jamii, na mazingira yanayomsaidia au kumzuia. Wataalamu huita kazi ya kumrudisha mtu kwenye maisha yake utengamao. Huduma hizi zipo kwetu Kaskazini. KCMC, Moshi, ina wataalamu wa mazoezi na chuo cha mafundi wa viungo bandia, na hapa Arusha kuna Plaster House, nyumba ya watoto wanaoendelea kupona baada ya upasuaji.

Lakini anayeona mapema ni wa nyumbani. Kama una ndugu aliyeumia, jiulize:

- Anaweza kufunga vifungo, kushika kijiko, kwenda chooni peke yake?
- Kiungo kinazidi kukaza au kujikunja mwezi hadi mwezi?
- Analala vizuri, au anashtuka usiku akikumbuka ajali?
- Ameacha kula, kuongea, au kusema anatamani kufa?
- Mara ya mwisho kutoka nje ya geti ni lini? Na ni yeye asiyetaka, au ni sisi tunaomficha?

Ukienda zahanati, eleza yote, ya mwili na ya moyo, hata usipoulizwa. Akisema anatamani kufa, usimwache peke yake na usisubiri kliniki, mpeleke siku hiyo hiyo. Na lile swali la mwisho halihitaji nauli wala rufaa. Wageni wakija Jumapili, binti akae nao sebuleni.