John Michuki, waziri wa mikanda

Mfanyabiashara anayetoka Nyakuron, Juba, akavuka Nimule na kufika Nairobi, akipanda matatu hukuta mkanda kwenye kiti chake. Nyuma ya mkanda huo kuna jina la John Njoroge Michuki.

Alizaliwa Murang'a mwaka 1932. Alikuwa ofisa wa utawala, akafika Hazina kama katibu mkuu, akaongoza benki ya KCB, ambayo watu wa Juba wanaijua, kisha akawa Mbunge wa Kangema. Mwaka 2003 aliteuliwa Waziri wa Uchukuzi. Februari 2004 akaanza kusimamia kanuni mpya: kila matatu iwe na mikanda, na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Wenye matatu waligoma, abiria wakatembea kwa miguu. Michuki hakulegeza kamba.

Mwishoni mwa 2005 alihamishiwa wizara nyingine, na usimamizi ukalegea. Alifariki Februari 21, 2012. Hadi leo Wakenya huziita kanuni hizo kwa jina lake.

Waziri aliweza kulazimisha mkanda uwekwe kitini. Kuufunga pasipo na polisi mbele ni juu ya abiria mwenyewe.