Ibn Battuta hakujua wakeze walikula nini

Ibn Battuta tunamjua hapa Mombasa kwa ule usiku mmoja tu. Kila anayetembeza wageni Mji wa Kale humtaja: alipita kisiwani 1331, akasifu misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, maji mlangoni na watu kuosha miguu kabla ya kuingia, akaandika kuwa chakula cha wenyeji ni ndizi na samaki. Kisha huyo, akapanda chombo kwenda Kilwa. Leo nataka kumfuata mbele zaidi, kwa sababu aliandika jambo kuhusu chakula na hamu ya unyumba, na hilo ndilo kina mama huniuliza faraghani.

Alizaliwa Tangier, Morocco, 1304, katika ukoo wa makadhi. Alitoka kwenda Hija akiwa na miaka 21, na kwao hakurudi ila baada ya miaka kama 24. Alikuwa mtu wa kupenda kula. Mogadishu, kabla ya kufika kwetu, alitaja sinia zima: wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, na achari ya ndimu na pilipili, pamoja na tangawizi mbichi na embe. Mtu wa Kibokoni angeketi kwenye sinia hilo bila kuuliza.

Mwaka 1343 alifika visiwa vya Maldives, akafanywa kadhi. Huko walikula samaki, hasa jodari wa kukaushwa, na nazi kwa kila namna: tui, mafuta, hata asali yake. Ibn Battuta akaamini chakula hicho ndicho kiwapacho watu wa huko nguvu za kitandani zisizo mfano. Ushahidi akajitolea mwenyewe: alikuwa na wake wanne na masuria juu yake, na kwa mwaka mmoja na nusu hakushindwa na yeyote. Kadhi mzima, nilisoma nikacheka.

Lakini endelea kusoma. Desturi ya visiwa vile ilikuwa mke hali pamoja na mumewe, na mume hajui mkewe kala nini. Baadhi ya wakeze aliwabembeleza wakala naye. Wengine walikataa katakata, na hakuweza hata kuwaona wakila. Basi mtu aliyehesabu kila kilichomwingia tumboni na kilichofuata usiku, hakujua wenzake wamekula nini. Kama wao walikuwa na hamu, hakuandika.

Swali hilo limeanza kuulizwa juzi juzi tu. Utumbo mpana una matrilioni ya bakteria. Ini hufunga homoni ya estrojeni iliyokwisha kazi ili itoke mwilini, lakini baadhi ya bakteria hao huifungua, nayo ikarudi katika damu. Estrojeni ina mkono wake katika hamu ya mwanamke, ndiyo sababu watafiti wameanza kulinganisha matumbo ya wanawake wenye hamu na waliopoteza. Tofauti zimeonekana, ila tafiti ni ndogo, na haijathibitika kipi kimeanza, tumbo au hamu. Kwa hiyo anayekuuzia unga wa kurudisha mapenzi kupitia tumbo, mwambie asubiri kwanza.

Mama mmoja wa mtaani kwangu alimeza antibiotiki kwa wiki kadhaa. Tumbo likavurugika, hamu ikaondoka. Mume akasema ana mtu nje. Mganga akasema ni jini mahaba, akataka pesa. Siwezi kusema bakteria ndio chanzo, kwani ugonjwa wenyewe huchosha, na mume mwenye shutuma huchosha zaidi. Ila hakuna aliyemuuliza habari za tumbo mpaka aliposema mwenyewe, kwa aibu, tukiwa jikoni kwangu tukikuna nazi.

Ibn Battuta aliondoka Maldives 1344 baada ya kugombana na wakubwa, akawapa baadhi ya wakeze talaka. Mmoja alikuwa na mimba. Baadaye alirudi kumwona mtoto, wa kiume, akamwacha na mamake. Kitabu cha safari zake alikisimulia Morocco, Ibn Juzayy akaandika, kikamalizika 1355. Ndizi zetu zimo, na samaki wetu wamo. Mlo wa mama yule haumo.