Christian Dior: Jina Lililokatazwa Mlangoni

Hilo jina Dior unaloona kwa mikoba, marashi na tisheti feki za mtaa, unajua familia yake ililionea aibu?

Christian Dior alizaliwa 1905 Granville, Ufaransa. Buda yake alikuwa na doh ya biashara ya mbolea. Wazazi walimtaka awe mwanadiplomasia, lakini akili yake ilikuwa kwa sanaa. 1928 wakampa ganji afungue duka la picha Paris, kwa sharti moja: jina la familia lisiandikwe mlangoni.

Kisha mambo yakaenda mrama. 1931 mathe akaaga na biashara ya buda ikaanguka. Duka nalo likafa. Jamaa akasota vibaya, akaanza kuuza michoro ya nguo ndio apate ya kula.

Alingoja hadi 1946, akiwa na miaka 41, ndio tajiri wa vitambaa Marcel Boussac akamwekea mtaji. Februari 1947 akatoa luku zake za kwanza: kiuno kimebana, sketi pana na ndefu. Vita ilikuwa imewazoesha watu kuhesabu kila kipande cha kitambaa, so wengine walichemka. Lakini madame wengi walizitaka.

Alitamba miaka kumi tu. 1957 moyo ulimzima akiwa na 52. Yves Saint Laurent, kijana wa 21, akashika usukani. Wabunifu wamebadilishana hicho kiti hadi Jonathan Anderson, 2025, na jina kwa mlango ni lile lile.

Kwa hivyo wakikuambia hasla yako inaaibisha familia, wewe endelea kuchora.