Ibn Ummi Maktum (R.A): Kipofu na Uso Uliokunjwa

Watu wa Madina walimwita Abdullah, watu wa Iraq wakamwita Amr, lakini jina lililobakia vinywani ni la mama yake, Ummu Maktum. Alikuwa Mquraishi, mtoto wa mjomba wake Bibi Khadija (R.A), na alisilimu mapema huko Makka. Alikuwa kipofu.

Kisa chake wengi wetu tumekisikia tangu chuoni. Mtume (S.A.W) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kiquraishi, akitaraji wasilimu. Ibn Ummi Maktum akaingia akiomba afundishwe, akarudia ombi lake, kwani hakuona nani amekaa pale. Mtume akakunja uso na kugeuka. Hapo zikateremka aya za mwanzo za Suratu 'Abasa.

Ndugu zangu, tutue hapa kidogo. Hakukuwa na neno baya lililotamkwa, wala dharau iliyokusudiwa, Mtume (S.A.W) alikuwa na hamu ya watu kuongoka. Na uso ule kipofu hakuuona. Waliouona ni wale waliokuwa mbele yake. Hata hivyo wahyi ulishuka kwa ajili ya uso tu. Sisi tunaosomesha watoto wenye macho mazima, na wanaotusoma nyuso kabla hatujafungua mdomo, tuna la kujiuliza.

Baada ya hapo Mtume (S.A.W) alimtukuza sana. Kabla ya Hijra alikwenda Madina, yeye na Mus'ab bin Umair (R.A), wakiwasomesha watu Qur-ani. Mtume alipokuwa safarini, mara kadhaa alimwachia kuswalisha watu Madina.

Kisha akawa muadhini pamoja na Bilal (R.A). Katika Ramadhani, Bilal aliadhini usiku ungalipo na watu wakaendelea kula daku. Wakisikia sauti ya Ibn Ummi Maktum, wanaacha. Alfajiri yenyewe hakuiona. Alingoja aambiwa kuwa kumekucha, ndipo akaadhini, na mji mzima ukafunga kwa sauti yake. Alipoomba ruhusa ya kuswali nyumbani kwa kukosa wa kumwongoza, aliulizwa kama anausikia mwito. Akakubali kuwa anausikia, basi akaamrishwa auitikie.

Wakati wa ukhalifa wa Umar (R.A) alitoka kwenda Qadisiyya ingawa alikuwa na udhuru. Anas (R.A) alimwona huko, amevaa deraya, ameshika bendera nyeusi ambayo wenzake wote waliiona isipokuwa yeye.